Mzee wa Nyuzi Ajibu: Ziara ya Miji Michache

SWALI: Mzee, salamu. Mimi na shemeji yangu tumebishana mpaka chai ikapoa. David Gilmour, yule mpiga gita wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, alifanya ziara mwaka 2024 akiwa na miaka 78, lakini alifika miji michache na kukaa humo siku nyingi. Shemeji anasema mzee amechoka, hiyo si ziara. Mimi nasema ni ujanja. Tuamulie. Halafu, lile gita lake jeusi bado analo? – Baba Kevo, Umoja

JIBU: Baba Kevo, shemeji yako hajawahi kubeba amplifaya.

Miaka ya 1980 nilipiga solo katika bendi moja ya hapa Nairobi. Ijumaa tuko mjini, Jumamosi Mombasa, Jumapili tunapiga Voi tukirudi. Hewa yetu huku ni kavu, ya pwani ina unyevu. Mbao zinavimba, shingo inapinda kidogo, na nyuzi nilizozityuni mchana, saa tatu usiku kila moja inaimba wimbo wake. Voi mpiga besi alisinzia akiwa amesimama. Tulijua tu kwa sababu alibaki kwenye noti moja. Hiyo ndiyo ziara anayoitaka shemeji?

Sasa mtazame Gilmour. Roma alipiga Circo Massimo, uwanja wa kale wa mbio za magari ya farasi: usiku 3, siku 1 ya kupumzika, kisha usiku 3 tena. London usiku 6 ndani ya Royal Albert Hall. Baadaye Los Angeles na New York, basi.

Hapo London ndipo penye jibu lako. Jumba lile lilifunguliwa mwaka 1871, la mviringo, paa lake kuba. Mwangwi wake ulisumbua watu karibu miaka 100, mpaka mwaka 1969 wakaning'iniza darini masahani makubwa ya faibaglasi, nayo yakabandikwa jina la uyoga. Ukumbi wa namna hiyo fundi wa mitambo ya sauti hausomi kwa saa mbili za mchana viti vikiwa vitupu. Usiku wa kwanza anausikiliza, wa pili anarekebisha. Mimi ningenunua tikiti ya usiku wa tatu.

Na wala si jambo geni kwetu. Bendi ya Virunga ya Samba Mapangala, mwanzoni mwa miaka ya 1980, makao yake yalikuwa klabu ya Starlight hapa Nairobi, jukwaa lile lile usiku baada ya usiku. Sikusikia mtu akisema wamechoka. (Labda majirani.)

Gita jeusi hanalo. Liliuzwa kwa mnada New York, Juni 2019, dola 3,975,000, pamoja na mengine zaidi ya 100, na fedha zikaenda kwa ClientEarth, shirika la kutetea mazingira. Langu niliuza River Road kupata karo ya muhula mmoja. Ukiliona, jekundu, lina alama ya kuungua sigara karibu na daraja la nyuzi, niandikie haraka.