Kutembelea stesheni na marafiki ukiwa Dodoma

Umeuliza kama sisi wa Dodoma tunaweza kuwa na burudani kama ya wale wa London wanaozunguka stesheni za chini ya ardhi na marafiki. Ndugu yangu, za chini ya ardhi hatuna. London walianza 1863, na sasa wana stesheni 272. Wapo wanaojaribu kuzimaliza zote kwa siku moja! Kwa Afrika, Cairo ndio walitangulia, 1987.

Ila stesheni tunazo, tena za rika mbili. Sisi tuko wanne, Jumamosi tunaanzia ile kongwe ya mjini, ya reli ya Wajerumani iliyofika hapa 1910, halafu tunakwenda ile ya SGR, reli mpya ya kisasa. Mimi naipenda kongwe zaidi. Mpya ni nzuri, lakini inang'aa mno, utadhani uwanja wa ndege.

Safari iliyonikaa moyoni ni ya Kigwe, stesheni ya reli kongwe magharibi mwa Dodoma. Tulikaa kwenye kivuli, mama mmoja akatupimia karanga kwa kikopo cha nyanya, na mwenzetu akawa anaokota vikokoto vya reli kama mtoto. Treni haikupita hata moja. Hatukujali.

Mkitaka giza la chini kwa chini, pandeni SGR kwenda Dar mchana, kaeni dirishani. Milima ya Kilosa ina mahandaki manne. Na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, askari wa stesheni hawana utani.