Oksijeni Peke Yake Haimtoshi Mtoto Mwenye Misuli Dhaifu

Juzi nimeandikiwa na mama mmoja wa Kayole. Mwanawe ana ugonjwa wa misuli, anaamka akilia kichwa, na nyumbani wamepewa mtungi wa oksijeni. "Dada, mbona kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni ya damu kinasoma 97 na mtoto bado anasinzia mchana kutwa?" Hasira za zamani zimenipanda, maana ndiko nilikopita na kijana wangu.

Wangu ana Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka. Kiti cha magurudumu tulikizoea. Usingizi ndio uliotushinda: shati la kulalia linalowa jasho, ananiita nimgeuze kila mara, asubuhi chai haigusi, kichwa kinamgonga mpaka saa nne. Shuleni akaitwa mvivu. Hospitali moja ikamvalisha kifaa kidoleni, nambari ikaonekana nzuri, nikaambiwa mama una wasiwasi mwingi. Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Sikilizeni, wazazi wenzangu. Mapafu yana kazi mbili: kuingiza oksijeni na kutoa kabonidioksidi. Mtoto mwenye misuli dhaifu akizama kwenye usingizi wa ndoto, misuli ya mbavu hulegea, na kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hubaki kikifanya kazi peke yake. Pumzi zinakuwa fupi, hewa chafu inabaki kwenye damu, na hiyo ndiyo inayomwamsha na kichwa. Ukimwongezea oksijeni tu, nambari ya kidoleni itapendeza huku kabonidioksidi ikizidi kupanda. Kwa watoto, ikipita 50 mmHg (kizio cha mgandamizo wa gesi kwenye damu) kwa zaidi ya robo ya muda wa kulala, madaktari huhesabu kwamba hapumui vya kutosha usingizini. Kifaa cha kidoleni hakiwezi kukuonyesha hilo. Dai kipimo cha usingizi kinachosoma kabonidioksidi usiku kucha. Kikikosekana, omba wapime gesi za damu asubuhi, mara tu anapoamka.

Daktari wa mapafu ya watoto ndiye aliyetuokoa, akamwanzishia BiPAP. Mashine hii humsukumia hewa kwa nguvu anapovuta pumzi, kisha hupunguza anapoitoa. Hewa hupitia kwenye barakoa ya usoni, hakuna koo linalotobolewa. Msiichanganye na CPAP, yenye mgandamizo mmoja tu. Hiyo humfaa zaidi mtoto ambaye koo lake hujiziba akilala, na wauza mashine za mitumba hawatakwambia tofauti.

Barakoa ndiyo vita. Wangu aliing'oa usiku baada ya usiku. Tukaanza mchana, akiwa anatazama katuni: kwanza barakoa tupu, kisha hewa kidogo, mpaka akaweza kusinzia nayo. Mikanda nilipoikaza hewa isivuje, ngozi ya mgongo wa pua ikawa nyekundu, karibu ichubuke. Dawa yake ni saizi sahihi, na kubadilisha aina ya barakoa mara kwa mara, kwa sababu uso wa mtoto bado unakua na mgandamizo wa sehemu moja unaweza kuubonyeza. Kwenye kitungi cha mashine cha kutia hewa unyevu tumia maji yaliyokenekwa (distilled). Yale ya kisima tunayouziwa huku Eastlands huacha ukoko mweupe hata kwenye sufuria. Nunua betri pia. Stima za Nairobi tunazijua.

Leo kijana wangu anaamka akiuliza mandazi yako wapi, na mtihani wa Gredi ya Sita ameufanya mpaka mwisho bila kulalia dawati. Najivunia, sifichi. Kwa hiyo mzazi usikubali kufukuzwa kwa jibu la "ni ugonjwa wake tu". Sali, funga, lakini mtoto apimwe. Ukiambiwa subiri, uliza unasubiri nini. Mtoto apimwe!

Dada wa Kayole, mrekodi kwa simu akiwa amelala, kifua kikiwa wazi, uende nayo kliniki. Mwulize daktari: "Kabonidioksidi ya mwanangu usiku ni ngapi?" Mtungi usiuondoe mwenyewe. Akishapimwa, daktari ataamua kama oksijeni iunganishwe kwenye mashine au iachwe.