Ukingo wa kushoto: majibu kwa wenye baiskeli na wenye magari wa Dar

Tangu niseme hapa kwamba siku tatu kwa wiki naenda kazini na baiskeli yangu ya Phoenix na siku mbili naenda na gari, nimekuwa popo: madereva hawanihesabu mwenzao, wapanda baiskeli nao wananiona tajiri anayejifurahisha. Lakini maswali mnaleta. Haya hapa ya safari hii.

*Nasambaza mikate kwa baiskeli kutoka Buguruni mpaka Ilala. Najibana pembeni kabisa niwapishe wenye magari, na bado wananipita kiwiko kwa kiwiko. Nikae wapi jamani?*

Pole sana ndugu yangu. Huko kujibana ndiko kunakokuponza. Ukingo wa lami ndipo barabara inapotupa takataka zake zote: mchanga, vipande vya chupa, lami iliyomeguka, mtaro usio na mfuniko. Ukipita humo huwezi kunyoosha, kila baada ya hatua chache unakwepa kitu. Dereva aliye nyuma yako haoni shimo lako. Anachoona ni upenyo, anajisemea anatosha, anaingia. Na sekunde hiyohiyo ndiyo wewe unakwepa kwenda kulia.

Kwa hiyo sogea ndani, kama mita moja kutoka pale lami inapoishia, halafu nenda mstari mmoja usioyumba. Hapo umemlazimisha dereva achague: asubiri, au ahamie kulia kidogo kama anavyoupita mkokoteni wa maji. Atapiga honi, tena ndefu. Mwache apige. Mimi siogopi gari linalopiga honi, maana mwenyewe ameshaniona.

Halafu angalia boksi lako. Likiwa pana kuliko usukani, dereva anapima nafasi kwa mgongo wako, siyo kwa boksi. Kuna muuza mayai Tabata amefunga kijiti kwenye keria, kimechomoza upande wa kulia urefu wa mkono, nchani kitambaa chekundu. Nimemfuata nyuma na gari asubuhi moja nikashangaa: Noah, bajaji, hata daladala, wote wanakizunguka kijiti kile kwa adabu ambayo mwenyewe hawampi. Hawaogopi kumchubua mtu, wanaogopa kuchubua rangi.

*Shikamoo. Mimi ni dereva, na sipendi kumuumiza mtu. Nimpite mwenye baiskeli kwa umbali gani?*

Marahaba, na asante kwa kuuliza. Ujerumani tangu 2020 sheria inataka mita moja na nusu mjini na mita mbili nje ya mji. Ufaransa ni mita moja mjini, moja na nusu nje. Wewe tumia kipimo ulichonacho: mlango wako ukiufungua wote unachukua karibu mita moja. Nafasi ya mlango huo ikikosekana, tulia nyuma yake. Kwa foleni zetu, utamkuta tena kwenye mataa yanayofuata, na mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa mbele.

Mwendo nao uuangalie. Kwenye 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo maeneo ya makazi, gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye 30 linakata mita 8 na kidogo. Na kishindo hakipungui kwa hesabu hiyo ya kawaida: gari lile lile likigonga kwa 50 lina nguvu karibu mara tatu ya likigonga kwa 30.

*Barabara ya Mandela imejaa malori ya bandarini. Kwenye mataa napita kushoto kwa lori nifike mbele. Mwenzangu kanikataza. Nani mkweli?*

Mwenzako. Msikilize.

Dereva wa lori kakaa kulia, juu. Kushoto kwake, kuanzia mlango wa utingo kurudi nyuma, kuna eneo kubwa ambalo kioo hakilifikii. Ukiwa humo na baiskeli, kwake wewe haupo. Sasa taa inawaka kijani na yeye anakata kushoto. Lori refu halikati kona kama Vitz. Kichwa kwanza kinatanuka kulia ili mkia upate nafasi, na hapo kushoto panafunguka uwazi mkubwa, unakuita kabisa. Mwenye baiskeli anauona anafurahi, anaingia. Kisha kichwa kinarudi kushoto. Tairi za nyuma hazifuati zilikopita za mbele, zinakatiza kona kwa ndani na kuufunga ule uwazi kama mlango wa geti, wewe ukiwa katikati ya trela na kingo za zege.

Ukilikuta lori limesimama, simama nyuma yake, mahali ambapo unauona uso wa dereva kwenye saitimira yake. Usipouona, jua naye hakuoni. Na usitegemee indiketa: nyingine zimekufa, nyingine zimefunikwa na tope tangu masika iliyopita.

Enyi ndugu zangu wa malori, mkiwa na utingo, kabla ya kukata kushoto mwambieni atoe kichwa dirishani aangalie chini. Sekunde mbili tu.

*Kuna ubaya gani kupita kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi? Nyeupe, haina watu.*

Haina watu kwa sababu ina basi linalokuja kwa kasi, na basi hilo halina pa kukukwepea. Usipite. Najua utaniuliza upite wapi. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi hayo, yaliyoanza kazi 2016, pembeni iliwekewa na njia ya baiskeli. Ipo. Ila asubuhi ukiifuata utakuta bodaboda wawili wamepaki wanasubiri wateja, mbele yao meza ya vitafunwa, mbele ya meza gari la mtu aliyeingia dukani mara moja. Hiyo lawama siwezi kukutupia wewe. Gonga kengele, shuka pale palipoziba, sukuma, panda tena.

*Hivi abiria naye ana kosa gani katika haya? Mimi hata gari siendeshi.*

Mama yangu, mimi kovu la goti nililipata kwa abiria. Ilikuwa mtaa wa Uhuru, saa mbili asubuhi, foleni imekufa. Mimi napita taratibu kati ya magari na ukingo. Teksi imesimama, abiria wa nyuma kaona ofisi yake iko hapo, kafungua mlango wa kushoto bila kugeuka. Niliuona ule mlango ukiwa tayari kifuani. Yeye alishuka akaniuliza kama sioni.

Dawa yake ni ya mkono. Umekaa kushoto? Fungua kwa mkono wa kulia, ule wa mbali na mlango. Ukifanya hivyo bega lenyewe linageuka, na macho yanafuata bega mpaka nyuma ambako baiskeli inatokea. Dereva yeye, aliyekaa kulia, afungue kwa mkono wa kushoto. Jaribu leo ukifika nyumbani, utaona mwili unavyojigeuza wenyewe. Wafundishe na watoto.

*Daladala likisimama kituoni, nilipite kushoto au kulia?*

Kushoto kamwe, mlango wa abiria uko huko. Subiri nyuma. Kama limesimama kweli na konda bado anaita, geuka uangalie nyuma, onyesha mkono, pita kulia kwa nafasi. Likishaanza kuunguruma, achana nalo.

*Usiku wapanda baiskeli hawana taa kabisa. Tukiwagonga, kosa la nani?*

La kisheria aamue trafiki na mahakama. Lakini hapa nipo upande wako: baiskeli ya usiku iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na mimi mwenyewe nimewahi kumkosa mtu kwa kipande kidogo sana karibu na Tazara, shati jeusi, baiskeli nyeusi. Asiye na uwezo wa taa abandike karatasi zinazong'aa kwenye madigadi na kwenye pedeli. Za pedeli ndizo bora, kwa sababu zinapanda na kushuka, na dereva anatambua mara moja kwamba pale mbele kuna miguu ya mtu.

*Phoenix yangu ni ya zamani, breki za vyuma. Kwenye mvua hazishiki. Nibadilishe?*

Ukipata hela mwambie fundi akufungie rimu ya alumini na breki za waya, walau mbele. Kwa sasa, rimu ya chuma ikilowa mpira wa breki unateleza tu juu ya maji. Mvua ikianza, bana breki kidogokidogo ukiwa bado unatembea, mbali kabla ya kuzihitaji, mpaka usikie zimeanza kukwaruza. Hapo maji yameshafutika.