Maswali Yenu: Photoshop ya mtumba, leseni inahamaje?

SWALI: Habari fundi. Nina studio ndogo hapa Mwanza, napiga pasipoti, harusi na kipaimara. Kuna kaka anafunga studio yake, anataka kuniuzia Photoshop CS6 orijino, boksi lipo, diski ipo, siriali namba imebandikwa ndani. Boksi limeandikwa apgredi. Ananiambia nikishanunua naweza kuipandisha mpaka toleo la sasa kwa hela kidogo tu. Je itakuwa yangu kihalali? (Mpiga picha, Mwanza)

JIBU: Kaka, kabla hujatuma hata shilingi muulize, hiyo apgredi ilipandia juu ya toleo gani? Maana boksi la apgredi sio programu kamili, ni nusu. Ilikuwa bei yake kule Marekani dola 199 wakati boksi kamili ni dola 699, na ile punguzo ilikuwa kwa sababu mteja tayari ana toleo la nyuma. CS6 ilipotoka 2012 waliokubaliwa kupanda ni wenye CS5, halafu wenye CS3 na CS4 wakaongezewa muda mpaka mwisho wa mwaka huo huo. Sasa ukiweka diski yake kwenye kompyuta yako itakuomba siriali ya lile toleo la zamani, na kama hana, umekwama hapo hapo na hela imeshaenda.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalijui, sio kwamba wote wana nia mbaya. Apgredi na toleo lililoizaa vinahesabika leseni moja. Hawezi kukuuzia CS6 halafu yeye akabaki na CS5 anaendelea kupigia kazi nyumbani, na hawezi kumuuzia mwingine ile CS5. Mnyororo wote unahama pamoja, kuanzia boksi la kwanza kabisa mpaka la mwisho, na siriali zake zote. Kwa hiyo kama alianza na CS3 akapanda CS5 akapanda CS6, unadai zote tatu, na risiti kama zipo.

Ukishaona mnyororo umekamilika, sasa hatua zenyewe. Leseni hizi zilikuwa zinaruhusu kompyuta mbili kwa mtu mmoja, bila kuzitumia kwa wakati mmoja, so mwambie awashe zote mbili zikiwa na intaneti, aingie menyu ya Help abonyeze Deactivate, sio kufuta programu tu, kufuta peke yake hakuachii leseni. Kama moja imekufa au imeibiwa aseme mapema, maana hiyo nafasi bado imehesabiwa kule Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop. Halafu siriali imesajiliwa kwenye akaunti yake ya Adobe, na umiliki unahama Adobe wenyewe wakiuhamisha. Walikuwa na fomu kabisa, muuzaji anajaza upande wake na mnunuzi upande wake. Mwache yeye ndiye awaandikie, yeye ndiye mwenye akaunti, na jibu lao ulione kwa macho yako. Mkiandikishana pia karatasi ya mauziano yenye siriali zote na sahihi mbili ni vizuri, lakini karatasi yenu haiwi badala ya kuhamisha akaunti.

Angalia pia boksi limeandikwa nini pembeni. Toleo la wanafunzi na walimu halihamishwi, na zile nakala zilizotolewa kwamba haziuzwi nazo hivyo hivyo. Siriali ya Windows haiingii kwenye Mac.

Hapo kwenye kupandisha mpaka toleo la sasa, hapana, hiyo ahadi haipo. Mwaka 2013 Adobe walitangaza kwamba CS6 ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa mtindo wa kununua ukamaliza, baada ya hapo ni Creative Cloud, unalipia kwa mwezi au mwaka, na 2017 CS6 yenyewe wakaacha kuiuza. Ukitaka toleo jipya leo unaanza kulipia kama mteja mwingine yeyote, boksi lako la CS6 halikupi daraja la kupandia. Kwa hiyo bei ya huyo kaka isiwe na hesabu ya kesho ndani yake, lipia kile inachofanya leo tu.

Na leo inafanya nini? Kwa pasipoti na kusafisha ngozi za maharusi inatosha sana, layers zipo, kalamu ipo, clone ipo. Ila kama una Mac yenye mfumo wa Catalina wa 2019 au baada ya hapo usinunue kabisa, kisakinishi chake ni cha mtindo wa zamani wa biti 32 na mifumo hiyo haikipokei. Kamera nayo ni tatizo, Camera Raw ya CS6, ile sehemu inayofungua faili ghafi za kamera, iliishia toleo la 9.1.1 mwaka 2015, so ukiwa na Canon za karibuni zinazotoa faili za CR3 haitazifungua. Kuna DNG Converter ya Adobe, ya bure, unageuza faili kwanza ziwe za DNG halafu unafungua. Inafanya kazi, ila siku ya harusi yenye picha elfu mbili utaichoka.

Na la mwisho kwako kaka, usilipe kabla programu haijawaka na kujiaktiveti kwenye kompyuta YAKO huku mmekaa wote. Matoleo ya CS2 na CS3 hayawezi kuwekwa upya kwa diski za zamani kwa sababu seva za kuyaaktiveti zimeshazimwa. Hilo linaweza kuifika programu yoyote inayotegemea seva ya kampuni iliyoitengeneza, na kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kutoa bei ndogo sana au kuacha.

SWALI: Naishi Hamburg, huku naona watu wanauza leseni used za programu za picha bila kificho. Nataka kununua moja nimtumie mdogo wangu Mombasa. Je ni halali au ni wizi? (Dada wa Hamburg)

JIBU: Dada, huko kuuza ni halali na kuna hukumu kabisa. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya UsedSoft, wauzaji wa leseni used, na Oracle, watengenezaji wa programu, ikasema mtu aliyelipia leseni isiyo na mwisho anaweza kuiuza hata kama aliipakua mtandaoni bila diski, mradi nakala yake aifanye isitumike tena. Ikasema pia kampuni yenye leseni ya watu wengi kwa pamoja haiwezi kuikatakata ikauza vipande. Hapo ndipo wengi wanapigwa, muuzaji anakupa siriali moja aliyoichomoa kwenye fungu la kampuni, inawaka vizuri, baadae inafungwa. Omba uthibitisho leseni ilitoka kwa nani na kwamba amefuta yake.

Ila hukumu hiyo ni ya Ulaya. Marekani mwaka 2010 mahakama ya rufaa kwenye kesi ya Vernor, aliyekuwa anauza nakala used, na Autodesk, kampuni ya programu, ilienda upande mwingine, ikasema mteja amepewa ruhusa tu, si mmiliki wa nakala. Mdogo wako yuko Kenya, atakuwa chini ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 na masharti ya leseni yenyewe. Ningekuwa wewe ningemnunulia huko huko Kenya kwa jina lake na imeili yake tangu mwanzo.

SWALI: Nimenunua laptopu ya Dubai hapa Kariakoo, nimeikuta na Photoshop na Lightroom ndani zinafanya kazi. Nina leseni? (Msomaji, Dar)

JIBU: Huna. Umenunua chuma. Kama programu haikuombi akaunti wala siriali na menyu ya kuaktiveti imezimwa, hiyo imekrakiwa, yaani ulinzi wa leseni umevunjwa, na mtu aliyebadilisha faili zake hujui ameweka nini kingine humo, na wewe unalogaini benki na M-Pesa kwenye mashine hiyo hiyo. Hamisha picha zako, futa hadidiski yote, weka Windows upya. Nimeshaona studio ikipoteza picha za wateja wote kwa virusi na inauma sana, wale watu hawarudii harusi.

SWALI: Mimi sina hela ya kila mwezi, nifanyeje? (Mwanafunzi, Eldoret)

JIBU: Affinity, programu ya kuhariri picha kama Photoshop, imekuwa ya bure tangu Oktoba 2025 baada ya kununuliwa na kampuni ya Canva, unahitaji akaunti tu, na ndiyo ningeanza nayo. GIMP na darktable ni za bure siku zote, wenye Nikon wana NX Studio na wenye Canon wana Digital Photo Professional bila kulipa. Photoshop Elements, ile Photoshop ndogo, bado unalipa mara moja, ila kuanzia ya 2025 leseni yake ni ya miaka 3, soma vizuri. Na kama una kazi za zamani za PSD, yaani faili za Photoshop yenyewe, zihifadhi pia kama TIFF kabla hujaondoka kwenye Photoshop, kwa sababu programu nyingine zinafungua PSD lakini maandishi na baadhi ya layers zinaweza kufika zimeharibika.