Je, baba alinyimwa maji?

SWALI: Shikamoo Sista. Baba alilazwa mahututi baada ya maambukizi ya njia ya mkojo kuingia kwenye damu na presha kushuka vibaya. Walimtundikia dripu ya chumvi, wakabadilisha wakaweka Ringa, kisha daktari akasimamisha maji na kumwekea dawa ya kupandisha presha. Amepona, ila shangazi bado analalamika kwamba alinyimwa maji, na kwamba tungemnunulia albumini. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni kwa kuuguza. Nimefurahi sana kusikia baba amepona.

Kwenye mshtuko wa sepsisi, yaani hali hiyo ya baba ya maambukizi kuingia kwenye damu na kushusha presha, mishipa hulegea na kuvuja. Maji ya mwanzo ni lazima: miongozo ya kimataifa ya 2021 inapendekeza mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3, karibu lita 2 kwa mtu wa kilo 65. Yakizidi huishia mapafuni. Kila chupa ikiisha, mimi hubonyeza ukucha wa mgonjwa nione damu inarudi upesi kiasi gani, husikiliza mapafu kwa chini mgongoni, hutazama mfuko wa mkojo. Mapafu yakianza kuchachatika, situndiki nyingine, hata presha ikiwa bado chini. Hapo namwita daktari tuanze noradrenalini, dawa ya kupandisha presha.

Ushahidi tunao hapa hapa. Utafiti wa FEAST wa 2011 ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Muheza, jirani zenu. Waliomiminiwa maji ya haraka, yawe ya chumvi au albumini (protini ya damu), walifariki karibu 10.5 kwa kila 100; wasiomiminiwa, 7.3. Kwa watu wazima wa Lusaka, matokeo ya 2017 yalielekea huko huko.

Ringa? Dripu ya chumvi ina kloridi milimoli 154 kwa lita, damu ina kama 100, na ikiingia nyingi huongeza asidi mwilini; Ringa inakaribiana zaidi na damu. Zikiwepo zote nachukua Ringa, lakini siisubiri: majaribio makubwa ya Brazil na Australia, yaliyolinganisha chumvi na maji ya jamii ya Ringa, hayakuonyesha tofauti ya wazi ya vifo. Albumini ni ghali, na mwaka 2004, kwa wagonjwa karibu 7,000, haikupunguza vifo kuliko chumvi. Msijilaumu kwa hilo.

Shangazi akiuguza tena, aulize antibiotiki ya kwanza imechomwa saa ngapi. Inatakiwa ndani ya saa 1 tangu mshtuko utambuliwe.