Mpwa wangu, cheti chako kichukue kesho

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti kutoka Kigali, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli, nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kazini, simu imo mfukoni, nikaambulia makelele ya watu na wewe ukipaaza sauti: "Anko, huyu wa tatu ni wa kwenu, wa Ayalandi!" Mara ya tatu nilikuwa nimekaa kitandani, viatu sijavua, ndipo nikayasikia yale ya mwisho uliyoyasema polepole. Kwamba kuna wakala hapo Eldoret anadai shilingi 350,000 akuingize katika timu ya vijana Ulaya. Kwamba cheti chako cha kuzaliwa "kitarekebishwa kidogo" upungue miaka mitatu. Kwamba mama yako ameshaanza kumtafutia mnunuzi yule ng'ombe wa maziwa. Ukamalizia hivi: "Wewe si ulienda tu? Na sasa unakaa mji wa mabingwa."

Hilo "ulienda tu" limeninyima usingizi. Basi nakujibu, na mama yako akitaka kusoma haya kwa sauti mbele ya nyumba nzima, asome.

Mji wa mabingwa ni kweli. Carrick-on-Suir, hapa Ayalandi, ni mji mdogo wenye mto, madaraja na mvua, na katikati yake pana uwanja uliopewa jina la Sean Kelly, bingwa wa baiskeli. Sam Bennett, aliyebeba jezi ya kijani ya Tour de France, ile ya mwenye pointi nyingi, mwaka 2020, naye ni wa hapa hapa. Ushindi wa Kelly utausoma mwenyewe kwenye simu: mbio za Paris–Nice mara saba mfululizo, 1982 hadi 1988, Paris–Roubaix mara mbili, Vuelta ya Uhispania 1988, jezi ya kijani ya Tour mara nne. Mimi nataka kukusimulia alivyoondoka nyumbani, maana hapo ndipo wewe na huyo wakala wako mmepakosea.

Haya nimeyapata kwa mzee mmoja ninayemhudumia usiku. Enzi zake aliendesha baiskeli na klabu ya hapa. Akikosa usingizi namkalisha, namwekea mto mgongoni, namshikia kikombe cha chai kwa sababu mikono yake inatetemeka, naye anaanza na Kelly.

Kelly alizaliwa 1956, mtoto wa shamba, Curraghduff, nje kidogo ya mji. Shule aliacha akiwa na miaka 13 akasaidie kazi za nyumbani, baadaye akafanya uashi. Mwaka 1976 Mfaransa mmoja mwenye timu, Jean de Gribaldy, alipanda ndege akaja kumtafuta. Hakuijua nyumba yao wala sura yake, ikabidi aje na mwendesha baiskeli mwingine wa kumwonyesha na kumtafsiria. Wakamkuta Kelly barabarani juu ya trekta, anarudi kutoka kazini. Akamwambia pauni 4,000 kwa mwaka. Kelly hakukubali palepale. Baada ya wiki moja alijibu kwamba anataka 6,000, na akapewa.

Sasa tazama hapo, mpwa wangu. Aliyepanda ndege ni mwenye timu. Kelly hakumlipa mtu hata senti, na bado alithubutu kuomba nyongeza akiwa amevaa buti za tope. Timu inayokutaka kweli haiulizi kama kwenu kuna ng'ombe. Wazazi wa Uasin Gishu walilia kwa ajili ya pesa walizotoa watoto wakasome Finland na Kanada, mlilia nao, na vidonda havijapona. Mnataka kuanza tena?

Januari 1977 akaondoka. Miaka miwili alikaa Besançon, Ufaransa, katika nyumba moja na wenzake wa timu, kisha kwa miaka mingi akakaa kwa familia ya Kibelgiji huko Vilvoorde. Mtu aliyekuwa namba moja duniani alikuwa anaishi nyumbani kwa watu. Mwaka 1987 aliongoza Vuelta, zikabaki siku chache tu, akashuka baiskeli kwa sababu ya jipu pale anapokalia kiti. Mwaka uliofuata akarudi akaishinda. Mzee akifika hapo hunyamaza, kisha husema neno moja la Kiayalandi ambalo sijalielewa mpaka leo, na kila mara macho yake hulengwalengwa.

Lakini lipo jambo alilonisimulia mara moja tu, na sauti aliishusha. Mwaka 1975 Kelly na Waayalandi wenzake, ndugu wawili wa McQuaid wakiwamo, walikwenda Afrika Kusini kushindana katika Rapport Tour. Ilikuwa Afrika Kusini ya makaburu, michezo yake imesusiwa na dunia, kwa hiyo waliingia kwa majina ya uongo. Wakagunduliwa. Wakafungiwa kwa miezi, na Olimpiki wakapigwa marufuku ya maisha. Hivyo Kelly akakosa Montreal 1976.

Nilikuwa nimeshika kile kikombe. Montreal 1976 wewe unaijua kwa kusimuliwa na babu yako. Ni Olimpiki ile ile ambayo Kenya ilisusia kwa sababu ya Afrika Kusini hiyo hiyo. Mkimbiaji wetu Mike Boit alikuwa moto wakati ule, na hakukimbia. Yeye alikosa kwa sababu nchi yake ilikataa ubaguzi, Kelly alikosa kwa sababu aliukubali ubaguzi na kuficha jina. Mzee alinitazama akaniomba msamaha, mimi, kana kwamba ndiye aliyekwenda. Sikujua la kumjibu. Nilimfuta mdomo nikazima taa. Kelly nampenda bado, na kwa hilo bado ananiuma, na sioni sababu ya kuchagua moja.

Ila kilichofuata ndicho kinachokuhusu wewe. Mlango wa Olimpiki ulipofungwa, Kelly alichukua nafasi katika klabu ya Metz, Ufaransa, na huko ndiko macho ya wakubwa yalikomwona. Ayalandi ilikuwa ndani ya Jumuiya ya Ulaya tangu 1973. Hakuna aliyemwuliza kibali cha kufanya kazi. Jina la uongo lilimfungia mlango mmoja, pasipoti yake ikamfungulia mwingine ulio mkubwa zaidi. Wewe ukikamatwa na cheti cha uongo, huna mlango wa pili. Jina lako litaingia katika kompyuta za watu, na kila utakapoomba viza mpaka uote mvi, litajitokeza. Hata huo umri wako halisi hutaweza tena kuuthibitisha, kwa sababu wewe mwenyewe utakuwa umeukana.

Unasema mimi nilienda tu. Sikiliza.

Nilikuja 2022 kwa kibali cha kuhudumia wazee. Kibali kile kina jina la mwajiri wangu ndani yake. Nikigombana naye, sigombani na bosi, nagombana na paa la nyumba yangu. Kila mwaka kadi ya ukaazi inaisha, nalipa euro 300, nasubiri mpya. Mwaka 2023 babu yako, baba yangu, alipofariki, kadi ilikuwa imeisha siku kumi na moja kabla na mpya haijafika. Kutoka ningetoka. Kurudi, nisingeruhusiwa kupanda ndege bila viza nyingine, na kazi isingenisubiri, na ile pesa ya hospitali mliyokuwa mnadaiwa ilikuwa inatoka katika kazi hiyo hiyo. Mlidhani nimekataa kuja. Shangazi yako alisema mbele za watu kwamba nimenunua suti badala ya tiketi. Mpwa wangu, mazishi yale niliyatazama kwa simu, nimejifungia katika chumba cha mashuka safi, mgongo umeegemea rafu, kichwa kinanusa sabuni. Picha ilikatika wakati jeneza linashushwa. Iliporudi mlikuwa mnaimba na kaburi limejaa. Sijawahi kumwambia mtu haya. Hilo ndilo jibu langu kwa "ulienda tu".

Na usifikiri kwamba ukishaingia Ayalandi umeingia Ulaya yote. Julai 2025 Ben Healy, huyo wa tatu uliyemshangilia Kigali, alishinda hatua ya Tour iliyoishia Vire, Normandy. Siku chache baadaye akavaa jezi ya njano ya anayeongoza, Mwayalandi wa nne kuivaa baada ya Shay Elliott 1963, Kelly 1983 na Stephen Roche 1987. Wenzangu wawili wa zamu walikuwa wameenda Normandy kwa meli, kutoka Rosslare hadi Cherbourg. Walikuwa wamenikaribisha: gari lina nafasi, hema lipo, lete kofia ya mvua tu. Niliwaambia sina nafasi. Nilikuwa nayo. Kadi yangu ya Ayalandi hainivushi kwenda Ufaransa, kwa kuwa Ayalandi haimo katika Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Kwa viza ya Ufaransa ningehitaji miadi, barua, taarifa za benki na bima, kwa siku tatu za kusimama kando ya barabara. Nikaona aibu kuwaeleza. Walirudi na picha na kofia moja ya timu, wakanipa. Ninayo, sijaivaa.

Wewe Kigali ulikwenda kwa kitambulisho cha taifa tu. Ukapanda basi, ukapita Uganda, ukaingia Rwanda, ukasimama pale Kimihurura penye mawe ukawaona Pogačar, Evenepoel na Healy wakipita mbele ya pua yako, mashindano ya kwanza ya dunia ya barabara kufanyika Afrika. Kilomita 267.5, na waliomaliza ni 30 tu. Mimi ninayekaa "Ulaya" niliyatazama kwa simu kwenye mapumziko. Kati yetu wawili, siku ile aliyekuwa huru ni wewe.

Healy mwenyewe amezaliwa Uingereza. Uayalandi wake umetoka kwa babu na bibi. Simwonei wivu, kijana anajituma na Kigali alistahili shaba yake. Lakini fahamu tofauti iliyopo: yeye bibi alimwachia nchi nyingine ya kuchagua. Bibi yako wewe alikuachia ekari moja na robo Moiben, na sasa nasikia inatajwa tajwa na yenyewe. Isiguswe. Nasema tena, isiguswe.

Kwa hiyo usije.

Hapana, subiri, nisikudanganye na mimi. Ningekuwa na miaka yako 21 na mapafu yako, ningetaka kuja. Sikuambii uache baiskeli. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour 2024 na jezi ya kijani, jezi ile ile ya Kelly, na umri wake ni wake. Inawezekana. Ila fanya mazoezi hapo hapo, una mwinuko ambao Wazungu wanaulipia wakaupumue. Shindana kila yanapofanyika mashindano, Kenya, Uganda, Rwanda, kwa jina lako, matokeo yaandikwe na umri wako wa kweli. Mtu akikutaka atayaona. Na vaa helmeti hata ukienda dukani. Habari ya Kangangi, mwendesha baiskeli wetu aliyeanguka mbioni akafa, unaijua kuliko mimi, wewe ulikuwa Eldoret siku mwili uliporudi, sitakukumbusha.

Ukiitwa na timu, nitumie mkataba kabla hujatia sahihi, hata iwe usiku wa manane. Ukiitwa kweli, nitakutafutia koti zito na nitakulipia chakula cha miezi ya kwanza, na sitakuambia tena maneno ya kukuvunja moyo. Usipoitwa, hilo si kosa lako wala la miguu yako, na usije ukakaa gizani ukijiona umeshindwa. Mzee wangu anasema Kelly alipostaafu 1994, mbio za mwisho alizifanya hapa Carrick, majirani wamejaa barabarani. Bingwa Merckx alikuja, bingwa Hinault alikuja, Fignon na Roche pia, zaidi ya waendesha baiskeli elfu moja katika mji huu mdogo, na Kelly akashinda mbele ya watu wa kwao. Mzee alikuwa miongoni mwa wale elfu, amevaa sweta ya sufu, na anasema aliishiwa pumzi kabla ya kona ya pili. Ukimwuliza kuhusu siku zake zote kwenye baiskeli, anasimulia hiyo.

Mwambie mama yako amwache ng'ombe. Mwisho wa mwezi natuma pesa ya tairi mbili na mnyororo, na elfu nne juu yake za dawa za shangazi. Najua alivyonisema. Mpe tu.

Na kama huyo wakala ameshachukua cheti chako halisi cha kuzaliwa, kesho asubuhi nenda ukakichukue. Usiende peke yako, nenda na baba yako mdogo. Akisema kiko Nairobi, mwambie mtakaa hapo ofisini mpaka kirudi. Mimi natoka zamu saa mbili asubuhi, kwenu itakuwa saa nne. Sitalala mpaka unipigie.

Anko wako