Bei ya Yadi, Bei ya Gereji

Wasomaji wanauliza kuhusu magari, mafundi wetu wanajibu.

SWALI: Hamjambo mafundi. Nina milioni moja na laki moja ya kununua gari. Nimeona Subaru Forester ya 2010 na Toyota Fielder ya 2012, zote zimetumika hapa nchini na bei zinakaribiana. Naishi Ruiru, kazi iko Upper Hill, na kila mwezi huenda Nyahururu kuwaona wazazi. Mke wangu anasema Fielder. Vijana wa ofisini wanasema Fielder ni gari la kubeba mayai. Lipi halitanimaliza gereji?
*Baba Wanjiru, Ruiru*

JIBU: Hatujambo, Baba Wanjiru. Mama Wanjiru amepiga hesabu vizuri kuliko vijana wa ofisini.

Tuanze na petroli. Kwa safari zako utakaribia kilomita 20,000 kwa mwaka. Fielder yenye injini ya cc 1500 ikikupa kilomita 14 kwa lita, utanunua lita 1,430 hivi. Forester yenye injini ya cc 2000 ikikupa kilomita 9 kwenye foleni ya Thika Road, ni lita 2,220. Tofauti ni kama lita 790. Lita ikiwa shilingi 180, hizo ni zaidi ya 142,000 kila mwaka, hata kabla fundi hajashika spana. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo rudia hesabu kwa bei ya sasa. Pengo litabaki.

Sasa Forester yenyewe. Swali la kwanza si la mwaka wa gari, ni la injini. Mwishoni mwa 2010 Subaru waliondoa injini ya EJ20, inayotumia taiming belti (mkanda unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu), wakaweka FB20, inayotumia cheni. Gari la 2010 laweza kuwa na yoyote kati ya hizo, na muuzaji mara nyingi hajui. Fungua bonneti usome, au mpe fundi nambari ya chesisi aitafute.

Ikiwa ni EJ20, belti hubadilishwa kila kilomita 100,000. Omba risiti, au stika ambayo gereji nzuri hubandika ndani ya bonneti ikiwa na tarehe na kilomita. Kama hakuna, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa na uteremshe bei kwa kiasi hicho. Belti ya EJ20 ikikatika gari likitembea, pistoni hugonga valvu, na kazi iliyokuwa ya siku moja inageuka kuwa ya kufungua hedi zote mbili. Na usikubali kubadilishiwa belti peke yake. Tenshona (kifaa kinachokaza belti), roli zake na pampu ya maji hubadilishwa pamoja, kwa sababu vyote vimezunguka umbali uleule na kuvifikia ni lazima ufungue vitu vilevile. Mtu huokoa pesa za tenshona, halafu tenshona ikagoma ikaondoka na belti mpya.

FB20 haina shida hiyo, ila zile za miaka ya kwanza zina sifa ya kula oili. Mwambie muuzaji usingependa oili iongezwe kabla hujafika, kisha uvute dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mwenyewe asubuhi injini ikiwa baridi. Ikiwa iko chini ya alama ya chini na gari lilifanyiwa sevisi juzi, umepata jibu.

Injini hizi za Subaru zimelala ubavu, silinda mbili kila upande. Ndiyo maana plagi, ambazo kwenye Fielder hutolewa kwa dakika chache, kwenye Forester humfanya fundi ajipinde na akutoze kwa kujipinda huko. Ndiyo maana pia gasketi za valvu kava zikichoka, oili hudondokea eksozi. Liendeshe gari nusu saa, kisha lisimamishe ukiwa umefungua hewa ya nje. Ukisikia harufu ya oili inayoungua, hiyo ndiyo.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa Subaru hawaambiwi: matairi. Magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo matairi yote manne lazima yawe na ukubwa mmoja na yawe yamelika sawa. Tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6. Ukipasuliwa tairi moja pale Juja ukaweka jipya peke yake, klachi au difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma itakuwa ikisagika kila kilomita. Kwa Subaru, tairi moja likiharibika vibaya jiandae kununua manne, au angalau utafute la mtumba lililolika sawa na wenzake.

Fielder ya 2012 unayoiona inaweza kuwa ya kizazi cha NZE141 au kile kipya cha NZE161 (kodi hiyo huanza nambari ya chesisi), kwa sababu zilibadilishwa mwaka huohuo. Zote zina injini ya 1NZ-FE. Ni ya cheni, inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, na hakuna fundi kutoka Kariobangi hadi Kawangware asiyeijua. Hilo la mwisho lina bei yake: spea ziko kila mahali, halisi, za eks-Japan (zilizotolewa kwenye magari yaliyotumika Japani), na kwa bahati mbaya feki pia. Udhaifu wake ni wa kawaida. Mauntingi za injini, yaani raba zinazoishikilia, huchoka; ukiweka D ukakanyaga breki dashibodi nzima inatetemeka. Bushi na linki za mbele hugonga kwenye matuta. Cheni hupiga kelele sekunde chache ikiwashwa baridi iwapo aliyetangulia alikuwa akichelewesha oili. Hiyo kelele ikidumu, liache gari hilo.

Hatari kubwa ya Fielder haiko kwenye injini. Iko kwenye kazi iliyofanya. Nyingi zilikuwa teksi za app au zilibeba mizigo. Keti kiti cha nyuma: teksi huchoka nyuma kabla ya mbele. Angalia kamba za mikanda ya nyuma, vishikio vya ndani vya milango ya nyuma, zulia, na sakafu ya buti chini ya zulia.

Chukua Fielder. Ungetuambia barabara ya kufika kwa wazazi ni ya udongo na masika hukukwamisha, tungesita, lakini hata hapo tungekutaka upate Forester yenye risiti.

Na usitumie hiyo milioni moja na laki moja yote kwenye yadi. Bakisha kati ya asilimia 10 na 15, yaani 110,000 hadi 165,000. Wiki ya kwanza utabadilisha oili ya injini na ya gia boksi, filta, kulanti (maji ya kupoza injini), oili ya breki, pengine breki pedi na matairi mawili, na bima bado. Kabla ya kulipa, chukua nambari ya chesisi upigie maduka matatu ya spea, mawili ya Kirinyaga Road na moja la Industrial Area. Uliza bei ya shokabzoba za mbele, redieta, gia boksi ya eks-Japan, taa ya mbele na kioo cha pembeni. Hivyo viwili vya mwisho si utani, unajua Nairobi.

SWALI: Nataka gari dogo la kupeleka watoto shule na kwenda kazini. Nissan Note ni nafuu kuliko Vitz ya mwaka uleule, lakini kila mtu ananiambia gia boksi ya CVT ni bomu. Ni kweli?
*Mama wawili, Donholm*

JIBU: Dada, wanaokuambia hivyo labda hawajui kwamba Vitz nyingi za kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2010 pia ni CVT, na Fielder hapo juu pia. Tofauti ni jinsi kila moja inavyovumilia kupuuzwa, na hapo Toyota iko mbele. Ndiyo sababu moja ya Note kuwa nafuu.

Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaokimbia kati ya puli mbili. Oili yake hailainishi tu, ndiyo inayosukuma puli zishike mkanda usiteleze. Fundi akimimina oili ya kawaida ya gia boksi ya otomatiki kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani, mkanda unaanza kuteleza na kukwaruza puli, na hapo hakuna dawa. Note ya kizazi cha E12 inatumia oili ya NS-3. X-Trail za kizazi cha T31 zilikuja na NS-2. Soma mkebe mwenyewe, na usikubali mkebe uliokwisha funguliwa.

Kulijaribu gari, usizunguke mtaa mara moja. CVT mbovu hujificha ikiwa baridi. Toka Westlands upande Waiyaki Way hadi Limuru. Mlima huo utaipasha. Kwanza, gari likiwa limesimama, toa P uweke D, kisha R. Likichelewa kushika zaidi ya sekunde mbili, si zuri. Kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa sikiliza mtetemo, kama unapita juu ya bati la mikunjo. Kwenye mlima, tazama sindano ya mizunguko ya injini: ikipanda na kasi isipande, mkanda unateleza. Na kuna mlio wa kuvuma unaokua kadiri kasi inavyokua. Mara nyingi ni beringi za ndani.

Ukinunua, badilisha oili ya CVT mara moja hata ukiambiwa ni juzi tu. Kuimwaga kwa nati ya chini hutoa karibu nusu ya iliyomo, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu chache. Mwambie fundi akuoneshe sumaku zilizo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya gia boksi. Uji mweusi laini ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa si kawaida. Baadaye, kwa foleni za Jogoo Road, ibadilishe kila kilomita 40,000, usingoje zaidi.

Epuka tu ile Note yenye maandishi ya DIG-S nyuma. Ina supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa zaidi) na petroli huingizwa moja kwa moja kwenye silinda, hivyo valvu za kuingiza hewa hujaa masizi kwa kuwa hazioshwi na petroli. Kwa safari za shule hutafaidi nguvu hiyo, utalipia tu usafi wake.

SWALI: Kuna yadi ina Mazda Demio ya dizeli, imetoka Japani, inaonesha kilomita 48,000. Nitajuaje kama hazikurudishwa nyuma? Naishi South B, ofisi iko mjini.
*O., South B*

JIBU: Omba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani. Vyote huandikwa kilomita. Linganisha pia na cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na KEBS, shirika la viwango, kabla gari halijapakiwa melini, na hakikisha nambari ya chesisi ni ileile kwenye karatasi zote na kwenye chuma. Gredi ya R au RA kwenye karatasi ya mnada ina maana gari liligongwa likatengenezwa. Kisha tazama raba za pedali na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango: kwa 48,000 havifai kuwa vimepoteza umbo. Tairi nalo lina tarehe, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Lakini hata kilomita zikiwa za kweli, usilinunue. South B hadi mjini ni safari fupi ya kusimama na kwenda. Eksozi ya Demio ya dizeli ina filta ya kunasa masizi, na filta hiyo hujisafisha kwa kuyachoma kwenye joto la nyuzi 600 hivi, jambo linalohitaji mwendo mrefu usiokatizwa. Ukizima gari katikati, dizeli ya ziada iliyopulizwa kwa kazi hiyo huteremkia kwenye oili. Oili inapanda badala ya kupungua, inakuwa nyepesi, na injini inalika. Dipstiki ya Mazda hizi ina alama ya X juu ya F (imejaa) kwa sababu hiyo: oili ikifika X, imwage. Tafuta Demio hiyohiyo ya petroli, ya cc 1300.

SWALI: Broka anasema nisipoteze pesa kwa ukaguzi kwa sababu gari "linawaka mara moja." Nianzie wapi?
*Kamau, Kasarani*

JIBU: Anzia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri, ufanye utafutaji wa rekodi za gari. Utaona jina la mwenyewe na kama kuna benki yenye madai. Jina likiwa la mtu mwingine, zungumza na huyo mtu. Ombi la kuhamisha umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, wewe ukalikubali kwenye yako, kwa hiyo usimalize kulipa kabla hajalianzisha.

Halafu lipia fundi asiyejuana na broka, au uwapelekee AA Kenya, chama cha wenye magari. Gari likutwe baridi. Gusa bonneti ukifika, ikiwa na joto ahirisha. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna uji wa rangi ya maziwa. Fundi apime kompreshoni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: silinda zisipitane zaidi ya asilimia 10 hadi 15.

Na kabla ya hayo yote, geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha. Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake, kisha zizimike, ya injini baada ya gari kuwaka na ya eabegi sekunde chache tu baada ya kugeuza ufunguo. Isiyowaka kabisa imetolewa balbu au kuzibwa kwa makusudi, na skana, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, itakuambia ilikuwa ikificha nini.